Sura ya 6: Mdaiwa na Siri za Serikali

Nchini Marekani, anayeomba kibali cha kushughulikia siri za serikali hujaza fomu ndefu iitwayo SF-86, na sehemu ya 26 yote inahusu fedha. Huulizwa kama katika miaka 7 iliyopita amewahi kufilisika, kama alikwepa au alishindwa kulipa kodi, kama mkopeshaji amewahi kumnyang'anya nyumba au gari, na kama ana deni lililochelewa zaidi ya siku 120. Wengi wakifika hapo hufa moyo, wakidhani deni ni hukumu. Sivyo. Kinachopimwa hasa ni mwenendo wa mdaiwa: alikopaje, alikwamia wapi, na alipokwama alifanya nini.

Hofu ya serikali haikuzuka hivihivi. Ronald Pelton, mtumishi wa shirika la ujasusi wa mawasiliano, NSA, alifilisika mwaka 1979 na kuacha kazi. Januari 1980 akawaendea Wasovieti mjini Washington kuwauzia aliyoyajua. Aldrich Ames wa CIA, akiwa amebanwa na madeni na gharama za talaka, alianza kuuza siri mwaka 1985, na malipo yake ya kwanza yalikuwa dola 50,000. Baadaye alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu, lakini hakukamatwa hadi 1994. Ndiyo maana Mwongozo F wa utoaji wa vibali, unaosimamia masuala ya fedha, humtilia shaka mwenye madeni sugu na pia mwenye utajiri asioweza kuueleza.

Hata hivyo, mwongozo huohuo, katika toleo linalotumika tangu Juni 2017, umeorodhesha mambo yanayopunguza shaka dhidi ya mwombaji: kupoteza kazi, ugonjwa, talaka, kifo cha mwenzi au kuibiwa utambulisho, ilmradi alitenda kwa busara baada ya hapo. Tuchukue waombaji wawili, kila mmoja akidaiwa dola 30,000. Wa kwanza aliachishwa kazi, akawaandikia wanaomdai, wakakubaliana alipe dola 200 kila mwezi, na risiti za miaka miwili anazo. Wa pili ana mshahara mnono, hakuwasilisha ritani za kodi kwa miaka mitatu, na alianza kulipa wiki aliyopokea barua ya serikali yenye hoja za kumnyima kibali. Deni ni lilelile, lakini wa kwanza ana nafasi kubwa zaidi. Dawa ya deni ni kulipa, ila hapa tarehe ya kuanza dawa nayo inahesabiwa.

Kuna watakaosema kwamba wadaiwa walio wengi mno hawajawahi kuuza siri yoyote, hivyo kipimo hiki kinawaonea. Hoja hiyo ingeshinda mahakamani, ambako mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Kibali, hata hivyo, si haki ya raia: Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1988 katika kesi ya Egan, na kanuni zinaagiza kwamba shaka ikibaki, usalama wa taifa ndio upewe nafasi. Pingamizi lingine, ambalo ni zito zaidi, ni kwamba maskini ndiye anayeumia, kwa kuwa hana akiba ya kumkinga na msiba. Hilo lina ukweli wake, na kanuni hazilimalizi. Zinalipunguza tu, kwa kuwa hazidai deni liwe limekwisha. Zinadai mpango unaoeleweka na ushahidi kwamba unafuatwa.

Kwa sababu hiyo, kosa la hatari kuliko deni ni kulificha. Wachunguzi huchukua taarifa za mikopo za mwombaji, na deni lisilotajwa huonekana. Likionekana, suala linatoka kwenye fedha na kuingia Mwongozo E, unaohusu uaminifu, na uongo wa makusudi katika fomu hiyo ni jinai. Aliyefilisika ana hoja za kujitetea; aliyesema uongo amewapa wachunguzi sababu ya kutoamini hata zile hoja zake za kweli.