MS: maradhi yanayoondoka yakarudi



Kuna maradhi ambayo kule nyumbani aghlabu hatukuyasikia, na huku ugenini yanaingia majumbani mwetu. Ni maltipo sklerosisi, au MS kwa ufupi. Mimi ni daktari wa vitabu, si wa sindano, kwa hivyo sitoi dawa hapa. Nataka kueleza mwendo wake tu, maana naona watu wanaumia kwa kutoujua.

Mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo imevikwa ala ya mafuta iitwayo mailini, mfano wa plastiki inavyofunika waya wa umeme. Katika MS, chembe za kinga ya mwili, ambazo kazi yao ni kupigana na vijidudu, huingia humo zikaila ala ile. Palipoliwa huvimba, ujumbe unapita kwa taabu au haupiti, na baadaye hubaki kovu. Jean-Martin Charcot aliyaeleza makovu hayo Paris mwaka 1868. Dalili hutegemea kovu liko wapi: jicho moja kuuma na kufifia, miguu kufa ganzi, kuyumba, kuona vitu viwili viwili, mkojo kutoshikika, na uchovu usioondoka kwa usingizi.

Sasa mwendo wenyewe. Kwa wagonjwa kiasi cha 85 katika kila 100, huanza kwa vishindo. Jicho linapotea siku kadhaa, baada ya wiki chache linarudi, pengine kamili, na mtu anakaa mwaka au miaka miwili hana kitu. Hapa ndipo penye mtego. Kishindo aghlabu hutulia chenyewe hata bila ya dawa. Steroidi hukifupisha tu. Basi mtu akipelekwa kwa mganga wiki ya tatu, akapewa kombe, na wiki ya tano akainuka, nani atamwambia mama yake kuwa si mganga aliyemponya? Sina ugomvi na kombe. Ugomvi wangu ni ile miaka miwili ya kimya, kwani picha za MRI zimeonesha kuwa madoa mapya yanaweza kuchipuka ubongoni ilhali mtu anajiona mzima. Wapo pia walioanza dawa za hospitali, nao huziacha wakati huo huo: "nishapona". Dawa hizi haziponyi, wala haziondoi kovu la zamani. Kazi yake ni kuzuia kishindo kijacho, na kitu kilichozuiwa hakionekani kwa macho.

Wasipotibiwa, wengi baada ya miaka kumi, ishirini hivi, huingia hatua nyengine: vishindo hupungua lakini miguu hulegea polepole, hairudi. Wagonjwa 10 hadi 15 katika 100 huanza na mwendo huo tangu siku ya kwanza, na kwao Marekani haikupasisha dawa yoyote mpaka okrelizumabu mwaka 2017. Wa vishindo walitangulia kupata intaferoni beta, 1993, na zilizofuata zina nguvu zaidi.

Je, mwisho wake? Wengi huishi miaka mingi; tafiti za zamani zilikadiria umri hupungua kwa miaka saba hivi, na pengo hilo limekuwa likipungua. Kumtabiria mtu mmoja hakuna awezaye. Dalili mbaya ni vishindo vingi miaka miwili ya mwanzo, kutorudi sawa baada ya kishindo, kuanza na miguu au mkojo, kuanza ukubwani, na kuwa mwanamume, ingawa wanawake ndio wanaougua zaidi. Aliyeanza na jicho au ganzi kwa kawaida ana nafuu. Sigara huyaharakisha, na hili angalau limo mikononi mwetu.

Tusijidanganye kuwa ni maradhi ya Wazungu. Utafiti wa California wa 2013 uliwakuta wanawake weusi wanapata MS kuliko wanawake weupe, na nchini Uingereza, tangu miaka ya 1980, ilionekana kuwa watoto waliozaliwa huko na wazazi kutoka Karibiani na Bara Hindi wanayapata kuliko wazazi wao. Watoto wetu wa Leicester na London wamo katika hesabu hiyo hiyo.

Kwa walioko Muscat na Dubai: joto huzidisha dalili kwa muda. Ukitoka juani miguu ikakataa, kaa pahala pa baridi. Ikirudi baada ya saa moja mbili, hicho si kishindo kipya. Na wajawazito: utafiti wa Ulaya wa 1998 ulionesha vishindo hupungua miezi mitatu ya mwisho ya mimba, vikaongezeka miezi mitatu baada ya kuzaa. Arubaini ya mzazi basi si wakati wa kumwachia peke yake, na suala la dawa azungumze na daktari wake kabla ya kushika mimba.

Anayerudi nyumbani kwa muda mrefu ajue kuwa mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hii ya mwisho hutumika pia kwa saratani ya tezi, kwa hivyo ndiyo ya kuiulizia mwanzo, katika hospitali zinazotibu saratani, na aulize kabla ya kukata tikiti.