Mtoto aumwapo kichwa kila asimamapo

MTOTO anayelalamikia kichwa kila ainukapo kitandani, kisha akatulia mara alalapo, huenda akadhaniwa anakwepa shule. Pengine maji yanayozunguka ubongo wake yamepungua.

Ubongo huelea katika maji hayo, ambayo pia huuzunguka uti wa mgongo. Yakivuja na shinikizo likashuka, ubongo huteremka mtoto asimamapo, ukavuta utando na mishipa yenye hisia kali.

Mara nyingi chanzo ni tundu la sindano iliyotumiwa kuteka maji hayo mgongoni ili kuchunguza homa ya uti wa mgongo. Maumivu huanza ndani ya siku 5. Hata hivyo, uchunguzi huo huokoa maisha na si busara mzazi kuukataa. Sindano nyembamba yenye ncha butu hupunguza hatari.

Kwa hivyo, daktari huuliza kwanza kichwa huuma wakati gani. Kinachozidi mtoto alalapo, au kumwamsha alfajiri akitapika, chaweza kuashiria kinyume chake: shinikizo kupanda. Huyo apelekwe hospitalini upesi, sawa na mwenye homa na shingo iliyokaza.

Wengi hupona katika muda wa wiki 2 kwa kupumzika, vinywaji na dawa za maumivu. Asiyepata nafuu hutolewa damu mkononi, ikadungwa mgongoni nje ya utando uliotoboka. Hapo huganda na kuziba tundu. Aghalabu mtoto hupewa dawa ya usingizi kwanza, kwani sharti atulie tuli.