Mto Upitao Mlangoni: Safari ya Maji Kutoka Kibera Hadi Sabaki

Ipo hadithi ambayo watoto wa madrasa huihifadhi mapema. Imepokewa na Abu Huraira (R.A.) na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim. Ndani yake Mtume (S.A.W.) azifananisha Swala tano na mto upitao mlangoni pa mtu, naye akawa aoga humo mara tano kila siku. Masahaba walipoulizwa iwapo mtu huyo atabakiwa na uchafu wowote, walijibu kuwa hatabakiwa na kitu.

Tulikuwa wageni Kibera, mtaa wa Makina, siku ustadh mmoja alipoisomesha hadithi hiyo. Mtoto wa nyuma akainua mkono: "Ustadh, ni mto kama huu wetu?" Wenziwe wakaangua kicheko. Ustadh akamjibu kwa upole kwamba huo ulikuwa mto safi. Mtoto hakuridhika. "Basi wetu nani aliuchafua?" Hapo kicheko kikakoma, na swali hilo tukarudi nalo Pwani. Tumeona ni haki lijibiwe, kwani lawahusu wasomaji wetu wa Malindi na Mombasa kama limhusuvyo mtoto yule.

Mto wa mtoto yule waitwa Motoine. Huanzia upande wa Dagoretti, magharibi mwa Nairobi, hupita ukingoni mwa Kibera na kuingia katika bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953. Ukitoka hapo hubadili jina ukawa Mto Ngong, ukapita eneo la viwanda na vijiji vya Mukuru. Nduguye, Mto Nairobi, huchimbuka katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita Kawangware, kisha hukata katikati ya jiji. Mashariki mwa jiji mito hii hukutana.

Haikuwa michafu tangu asili. Nairobi ni jina la maji: limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Na Kibera ni neno la Kinubi, maana yake msitu. Wanubi, Waislamu wenzetu waliokuwa askari katika jeshi la Waingereza, walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2017 kizazi chao kikakabidhiwa hati ya ardhi ya jumuiya ya ekari 288. Mji wenye jina la maji baridi na mtaa wenye jina la msitu: majina hayo yatosha kuwa ushahidi wa hali ilivyokuwa.

Sasa tuyafuate maji. Mto Nairobi huingia katika Mto Athi, na karibu na Thika, chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, mto huanguka kutoka kwenye majabali kwa mikondo mingi iliyo sambamba. Hapo ndipo paitwapo Fourteen Falls, yaani maporomoko kumi na manne, na kimo chake chakaribia mita 27. Wengi hudhani maji yakianguka hivyo hujisafisha. Pana ukweli kidogo ndani yake, kwa kuwa maji yanaporushwa huchanganyika na hewa, na hewa husaidia vijidudu kuumeng'enya uchafu unaooza. Lakini plastiki haimeng'enywi kwa kuanguka, wala madini ya sumu kutoka viwandani hayapotei. Povu jeupe chini ya maporomoko huenda likapendeza kwa mbali, nalo limebeba sabuni na taka za jiji zima.

Kutoka hapo mto huandamana na uwanda wa juu wa Yatta, ambao ni jiwe la volkano lililomiminika na kuganda kwa urefu wa karibu kilomita 290. Ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki hupokea Mto Tsavo, uletao maji ya chemchemi za Mzima, na kuanzia hapo huitwa Galana. Mbele kidogo hubanwa na majabali yaliyochongwa na maji, mahali palipopewa jina la Lugard, Mwingereza aliyepita njia hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Kisha huteremka taratibu hadi baharini, kati ya Malindi na Mambrui, ukiitwa Sabaki. Wakati wa mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo kwa ajili yake.

Na si bahari tu. Huko Baricho, kandokando ya Sabaki, kuna visima vinavyovuta maji yaliyochujwa na mchanga wa mto huo, na maji hayo ndiyo yapelekwayo Malindi, Kilifi na sehemu za Mombasa. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mama wa Malindi ainjikapo birika jikoni na mtoto wa Kibera aliyeinua mkono darasani ni majirani wa mto mmoja.

Mafakihi wetu hawakuliacha jambo hili bila hukumu. Maji yana sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Najisi ikibadilisha mojawapo, maji huwa najisi kwa ijmaa, yawe mengi au machache, yawe yamesimama au yanapita. Maana yake ni kwamba Muislamu wa Kibera ana mto karibu na mlango wake wala hawezi kutilia udhu humo. Hununua maji kwa mtungi wa lita 20, ayagawe kati ya chungu, nguo na Swala.

Nani basi aliuchafua? Tusikimbilie kumlaumu mama aishiye chumba kimoja, mtaa wake hauna bomba la majitaka, wala gari la taka haliingii. Mwenye kiwanda afunguaye mfereji wake usiku ana dhambi kubwa zaidi, na mwenye mamlaka aliyeona akanyamaza ataulizwa juu ya amana yake. Hata hivyo, hakuna aliyesalimika kabisa. Mtume (S.A.W.) alionya dhidi ya kujisaidia haja penye vyanzo vya maji, njiani na kivulini, akayahesabu hayo kuwa yenye kuleta laana. Sisi wa Pwani tutupao nepi na mifuko ya taka kwenye mikono ya bahari tuna ujasiri gani wa kumnyooshea kidole mtu wa bara?

Mto nao hulipiza. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliingia hadi vitandani katika vijiji vya kandoni mwa mito ya Nairobi. Watu walikufa, kisha waliosalia wakaamriwa kuhama kingo za mito na nyumba nyingi zikabomolewa.

Lakini kukata tamaa si sifa ya Muumini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tofauti tunaiona kwa macho. Kabla ya hapo marehemu waziri John Michuki alisimamia kusafishwa kwa Mto Nairobi ulipopita mjini, na bustani ya kando ya mto yaitwa kwa jina lake. Yawezekana, basi, watu wakinuia.

Nyumbani tuanze na matatu. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika na taka za jikoni zisimwagwe mferejini. Watoto wafundishwe kwamba somo la twahara haliishii kwenye birika la udhu, bali lafika hadi yaendako maji. Na wenye sauti misikitini na katika mabaraza wadai mabomba ya majitaka kwa mitaa ya wanyonge kama wadaivyo barabara.

Twamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie tusiwe sisi jibu la swali la mtoto yule. Wabillahi tawfiq.