Datsun 240Z na Peugeot 504: Gari lipi lilikuwa hodari zaidi?

MIONGONI mwa wazee waliokuwa wakijipanga kando ya barabara msimu wa Pasaka kutazama Safari Rally, kuna ubishi ambao haujawahi kukatika: kati ya Datsun 240Z na Peugeot 504, gari lipi lilikuwa hodari? Takwimu za viwandani zinaelekea upande wa Mjapani. Barabara zetu, hata hivyo, zina takwimu zake.

Datsun 240Z iliingia sokoni nchini Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Ni gari la viti viwili, lenye boneti ndefu, injini ya lita 2.4 na silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, zikilishwa na kabureta mbili. Likiwa na uzito wa zaidi kidogo ya tani moja, liliweza kukimbia takriban kilomita 200 kwa saa.

Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968 na kutawazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969. Injini yake ya silinda nne ilianza na lita 1.8, kisha ikaongezwa hadi lita 2.

Kuhusu nguvu, msomaji ajihadhari. Datsun ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 151, lakini hesabu hiyo ilifuata utaratibu wa zamani wa Marekani wa kupima injini kabla haijabebeshwa vifaa vyote inavyoendesha ikiwa ndani ya gari. Kwa kipimo cha Ulaya, zilikuwa takriban 130. Peugeot ya lita 2 iliyotumia sindano za mafuta badala ya kabureta ilitoa takriban 104. Pengo lipo, ila si kubwa kama linavyosimuliwa.

Tofauti kubwa iko chini ya gari. Yote mawili husukumwa na magurudumu ya nyuma, na katika 240Z, sawa na 504 nyingi za saluni, kila gurudumu hupanda na kushuka bila kulivuta mwenzake. Lakini umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.3 kwa Datsun na mita 2.74 kwa Peugeot. Gari refu halirukiruki sana kwenye makorongo. Isitoshe, springi za 504 ni laini na zina nafasi kubwa ya kunyumbuka, hivyo shimo ambalo lingemtikisa dereva wa Datsun hadi kwenye meno, abiria wa Peugeot hulisikia kwa mbali. Stesheni wagoni na pikapu zilipewa ekseli nzima nyuma ili zihimili mizigo, na ndizo zilizowasafirisha Wakenya wengi kati ya mji na mji.

Katika mashindano, Datsun ilianza kwa kishindo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda akiwa na 240Z, Shekhar Mehta akawa wa pili kwa gari kama hilo, na 504 ya Bert Shankland ikashika nafasi ya tatu. Mwaka 1973 Mehta alitwaa taji kwa 240Z, baada ya kulingana kwa alama za adhabu na Harry Källström, aliyeendesha Datsun nyingine. Zamu ya 504 ilifika mwaka 1975 kupitia Ove Andersson. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda pia, ingawa gari lake la milango miwili lilikuwa na injini ya silinda sita. Kulihesabu pamoja na saluni ya kawaida ni kumpendelea Mfaransa.

Kwa mbio tupu, basi, mwandishi huyu angechagua 240Z bila kusita. Kwa mwenye watoto watano na magunia mawili ya viazi, swali hilo halikuwepo. Peugeot 504 iliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, na mafundi wengi nchini walijifunza kazi juu yake. Datsun 240Z ilibaki gari la wachache, na anayeimiliki leo huenda akalazimika kuagiza vipuri ng'ambo.