Kete 80 kwenye Bao la Kete 64

Bao la kiswahili lina mistari minne ya mashimo manane manane, na kete 64. Anayejifunza lugha ya Python akitaka kuliingiza kwenye kompyuta, kitu cha kwanza kinachomjia ni orodha ndani ya orodha: orodha kubwa moja yenye orodha ndogo nne, na kila ndogo ina namba nane. Kuandika sifuri 32 kwa mkono kunachosha, kwa hiyo anafupisha:

`bao = [[0] * 8] * 4`

Akilichapisha kwenye skrini, linatoka safi. Kisha anapanga kete za kuanzia. Mchezaji wa kusini anaweka kete sita kwenye nyumba yake, shimo la tano kutoka kushoto katika mstari wa mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani. Wa kaskazini anafanya vivyo hivyo kwa upande wake. Zinatakiwa kuwa kete 20 ubaoni na 44 mikononi, 22 kwa kila mmoja. Kompyuta ikiambiwa ihesabu zilizo ubaoni, inajibu 80. Kila mstari, pamoja na ile ya nyuma ambayo hakuna aliyeigusa, unasomeka 0, 2, 2, 6, 6, 2, 2, 0.

Kompyuta haijaharibika, na Python imefanya ilichoambiwa. Jambo hili huwapata wanafunzi wengi kiasi kwamba nyaraka rasmi za Python zimeliweka kati ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Ninaipenda sana orodha ndani ya orodha, na kinachonikera ni jinsi inavyofundishwa: mwalimu anachora visanduku ubaoni, mistari na safu, anasema hili ndilo jedwali, anaendelea na somo lingine. Mchoro huo ndio unaozaa kete 80.

Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta hakuna jedwali hilo. Orodha ya Python haibebi vitu vyenyewe, inabeba anwani za mahali vilipo. Orodha ya nje ya bao letu ina nafasi nne, na katika kila nafasi kuna anwani ya mstari. Alama ya kuzidisha kwa nne haikuagiza mistari minne itengenezwe. Iliagiza anwani moja iandikwe mara nne. Ni kama watu wanne waliohifadhi namba moja ya simu kwa majina tofauti: yeyote atakayepiga, inayolia ni simu ileile. Ukiandika `bao[2][4] = 6`, Python inafuata anwani iliyo katika nafasi ya tatu (hesabu huanzia sifuri), inafika kwenye mstari, inabadilisha shimo la tano. Ukisoma mstari wa kwanza baadaye, unafika palepale.

Mtu makini atauliza: mbona kuzidisha kwa nane hakukuleta balaa? `[0] * 8` nayo imeandika anwani moja mara nane. Ndivyo ilivyo, na hapo ndipo penye utamu. Katika Python namba haibadiliki. Huwezi kuishika sifuri ukaigeuza kuwa sita. Unachofanya ni kuondoa anwani ya sifuri katika shimo hilo na kuweka anwani ya sita. Mashimo mengine yanabaki yanaielekea sifuri. Tena toleo la Python linalotumika zaidi, CPython, huziweka tayari namba zote nzima kuanzia −5 hadi 256 na kuzigawia programu nzima. Kwa hiyo hata katika bao lililoandikwa sawasawa, mashimo yote 32 matupu yanaielekea sifuri moja tu iliyomo kwenye kumbukumbu. Kushiriki kisichobadilika hakuna hatari yoyote. Mstari, kwa kuwa ni orodha, unabadilika, na kuushiriki ndiko kunakoleta madhara.

Dawa ni kuiambia Python itengeneze mstari upya kila mara:

`bao = [[0] * 8 for m in range(4)]`

Mtindo huu wa kuandika uliingia katika Python 2.0, Oktoba 2000. Sasa kete ni 20, na ukijumlisha na zilizo mikononi unapata 64. Namsihi kila anayeandika programu ya aina hii aweke hesabu hiyo ndani ya programu yenyewe, ifanyike baada ya kila zamu. Katika bao kete hazizaliwi wala hazifi.

Asili ya tabia hii ya kubeba anwani ni ya zamani kuliko Python. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa FORTRAN, lugha iliyobuniwa na kundi la John Backus kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704. Jedwali la FORTRAN ni jedwali kweli: namba zimepangwa mfululizo katika kumbukumbu, na mashine hupata shimo lolote kwa kuzidisha na kujumlisha, bila kufuata anwani yoyote ya kati. Mwaka uliofuata, John McCarthy alianza kazi ya LISP katika chuo cha MIT, nayo ikapata uhai kwenye aina ileile ya mashine, IBM 704. LISP ilichagua njia nyingine: kila kitu ni orodha, orodha inaingia ndani ya orodha, na kinachoziunganisha ni anwani. Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, inapanga anwani zake mfululizo kama FORTRAN inavyopanga namba, lakini kwa kubeba anwani badala ya vitu imefuata LISP. Anayeitazama kwa jicho la FORTRAN ndiye anayeshangaa.

Mtego wa pili hauonekani upesi, na kwa maoni yangu ni mbaya kuliko wa kwanza. Programu inayocheza bao lazima itazame mbele: nikianza na shimo hili kete zitaishia wapi, nitakula nini, mwenzangu atajibu vipi. Ili ijaribu bila kuvuruga mchezo, inatengeneza nakala ya bao, na njia nyepesi ni `jaribio = bao[:]`. Hiyo kweli inatoa orodha mpya, ila upya huo unaishia kwenye orodha ya nje. Anwani nne zilizomo ni zilezile za zamani. Kompyuta inaposambaza kete katika jaribio lake, inazisambaza katika bao halisi, na aliyekaa mbele ya skrini anaona kete zimehama kabla zamu haijachezwa. Hapa hesabu ya 64 haiokoi chochote, kwa sababu kete zimehama tu, hazikuongezeka wala kupungua. Utapekua kanuni za kula, utapekua kanuni za nyumba, na kosa limo katika herufi chache za kunakili.

Moduli ya `copy` ina `deepcopy`, inayonakili hadi ndani kabisa. Kwa jedwali la ngazi mbili kama bao, kunakili mstari mmoja mmoja kunatosha, nako ni kwepesi zaidi, na wepesi una maana pale programu inapojaribu maelfu ya njia kabla ya kucheza moja. Walimu wachore mishale, jamani. Chaki ni ileile: nafasi nne, mishale minne, mistari minne. Mwanafunzi aliyewahi kuona mishale minne ikienda kwenye mstari mmoja hahitaji kuambiwa mara ya pili.

Kabla sijaliacha bao: si lazima liwe mistari minne. Kete za mchezaji huzunguka katika mashimo yake 16, mbele na nyuma, haziendi kwa mwenzake zikisambazwa. Orodha mbili za mashimo 16 zinafanya mzunguko uwe rahisi mno, unaongeza moja, na ukifika mwisho unarudi mwanzo. Lakini kula kunahitaji shimo linalotazamana na lako, na katika mistari minne hilo ni `bao[1][k]` dhidi ya `bao[2][k]`, namba ya safu haibadiliki. Ukichagua umbo moja unarahisisha kusambaza, ukichagua lingine unarahisisha kula. Mimi huchagua mistari minne, kwa kuwa nikiichapisha naona bao.

Kuna jambo orodha ndani ya orodha inalifanya vizuri kuliko jedwali lolote la mstatili, na wengi wanalitupa bila kujua. Mistari yake haijuani, kwa hiyo si lazima ilingane urefu. Chukua vipimo vya mvua vya kila siku kwa mwaka mzima: orodha 12, Januari ina namba 31, Februari 28, Aprili 30. Ukiulazimisha mwaka huo ndani ya jedwali la 12 kwa 31 unapata nafasi 372 kwa siku 365. Nafasi saba zimebaki, na mkono wa mtu unavutwa kuzijaza sifuri. Sifuri katika mvua ni kipimo kamili, maana yake ni kwamba siku hiyo ilikuwepo na haikunyesha. Februari iliyopata milimita 84 ina wastani wa milimita 3 kwa siku. Ijazie sifuri tatu za siku ambazo hazipo, wastani unashuka hadi 2.7, na hakuna atakayejua mvua ilipotelea wapi. Orodha zisizolingana zinakuachia ukweli kama ulivyo.

Zina gharama yake zinapogeuzwa. Kupata mstari ni rahisi, unataja namba yake. Kupata safu, tuseme tarehe tano ya kila mwezi, kunataka upite mstari kwa mstari. Wajuzi huligeuza jedwali zima kwa `zip(*mvua)`, mistari ikawa safu kwa pigo moja, na linapendeza kulitazama. Ila `zip` hukoma mahali mstari mfupi kuliko yote unapokoma. Februari ina 28, basi miezi yote inakatwa 28, na siku 29 za mwaka zinatoweka kimyakimya. Tangu Python 3.10 ya mwaka 2021 unaweza kuongeza `strict=True`, na programu itakataa kuendelea ikikuta urefu tofauti. Iongeze.

Kuhusu kumbukumbu, kila anwani inachukua baiti 8, na namba nzima ya kawaida iliyo nje ya zile zilizowekwa tayari inachukua baiti 28 juu yake. Namba milioni moja za namna hiyo zinakula megabaiti 36 hivi. Maktaba ya NumPy, aliyoiunda Travis Oliphant na ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2006, inarudi kwenye njia ya FORTRAN na kuzipanga mfululizo: megabaiti 8. Kwa data kubwa tumia hiyo, bila kusita. Kinachonisikitisha ni kuona mwanafunzi mwenye kompyuta mpakato dhaifu anaambiwa apakue maktaba nzito, kwa bando lake mwenyewe, ili ajumlishe alama za darasa moja. Orodha ndani ya orodha imo tayari ndani ya Python na haihitaji intaneti.

Hata hivyo hakuna muundo unaoweza kuokoa jedwali lililoharibiwa lilikotoka. Ofisi za umma hukusanya takwimu nzuri kwa fedha za wananchi, kisha huzitoa zikiwa picha zilizoskaniwa, au lahajedwali ambalo jina la mkoa limeandikwa mara moja ndani ya seli zilizounganishwa na wilaya zake zikashuka chini. Ukilisoma kwa programu, wilaya ya kwanza ina mkoa, na zinazofuata hazina kwao. Kuandika jina la mkoa kwenye kila mstari hakugharimu hata shilingi, na asiyefanya hivyo anamwachia kila mtumiaji wa baadaye kazi ileile ya kurekebisha. Ni upotevu wa kazi iliyokwisha kulipiwa.

Matumizi mengine ya orodha ndani ya orodha ni mengi. Faili za CSV, ambazo Python huzisoma zikawa orodha za maandishi, hivyo geuza namba kwanza, la sivyo "12" na "5" zikijumlishwa zinatoa "125". Picha za kidijitali, kila nukta na rangi zake. Matriki za shuleni. Drafti, sudoku, ratiba za vipindi. Na ramani: muundo wa GeoJSON, uliowekwa rasmi mwaka 2016, huandika mipaka ya eneo kama orodha ya mizunguko, kila mzunguko orodha ya nukta, kila nukta orodha ya namba mbili, longitudo ikitangulia latitudo. Dar es Salaam ni `[39.28, -6.8]`. Ukizibadilishia nafasi hizo mbili, programu haitalalamika. Itaupeleka mji Hispania, kati ya Badajoz na Cáceres.