Hedifoni Nzuri kwa Fedha Kidogo

Hedifoni ni spika mbili ndogo zinazovaliwa masikioni. Katika nyingi kati ya zinazouzwa madukani, kila upande una sumaku, koili ya waya mwembamba na utando mwepesi. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili huvutwa na kusukumwa na sumaku, utando hutikisika pamoja nayo, na hewa iliyo mbele yake hugeuka sauti. Muundo huo ni uleule katika hedifoni ya meza ya barabarani na katika ile iliyofungiwa kwenye kabati la kioo. Kinachozitenganisha ni jinsi fundi alivyolinganisha sauti nene na nyembamba, na ulinganifu huo haupandi pamoja na bei. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283. Hakuona uhusiano kati ya bei na namna zinavyotoa sauti za ngazi mbalimbali. Mnunuzi mwenye fedha kidogo, basi, anaweza kupata sauti nzuri akijua pa kuangalia.

La kwanza ni umbo. Hedifoni za kichwani zilizofungwa nyuma hufunika sikio, huzuia sehemu ya kelele za nje na hazimwagi sauti kwa jirani. Zilizo wazi nyuma husifiwa kwa sauti yenye nafasi, lakini ndani ya daladala au matatu muungurumo wa injini huingia bila kizuizi, na abiria wa kiti cha pili husikia wimbo wote. Zile ndogo zinazolalia juu ya sikio ni nyepesi, ila hubana na kuchosha baada ya saa moja au mbili. Iafoni za kuchomeka ndani ya sikio ndizo huzuia kelele vizuri kwa gharama ndogo, kwa sababu kofia zake za silikoni huziba tundu kama kizibo. Kwa anayetaka kifaa kimoja cha safari, simu, masomo na muziki, uamuzi hubaki kati ya hedifoni iliyofungwa nyuma na iafoni ya kuchomeka.

La pili ni waya. Hedifoni ya Bluetooth hubeba betri, kipokezi cha redio na amplifaya yake yenyewe, na vyote hivyo hulipiwa kutoka katika bei ileile. Bei ikiwa ndogo, kinachobaki kwa ajili ya spika ni kidogo zaidi. Betri nayo huchoka kadiri miaka inavyopita, na katika zile ndogo zisizo na waya kabisa ni vigumu kuibadilisha. Sauti ya Bluetooth pia huchelewa kidogo, jambo linalowaudhi wachezaji wa michezo ya simu. Faida yake ni uhuru wa kutembea bila uzi unaonasa kwenye begi. Waya, kwa upande wake, kwa kawaida hudai tundu la milimita 3.5, na simu nyingi hazina tundu hilo tangu Apple ilipoliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016. Adapta ya USB-C hutatua tatizo, lakini si kila adapta hukubaliwa na kila simu. Ni vyema ijaribiwe kwenye simu itakayotumika. Pini yenyewe husema jambo: ikiwa na mistari mitatu ya plastiki, kwa kawaida kuna maiki, ikiwa na miwili, ni ya kusikiliza tu.

La tatu ni maandishi ya boksi. Karibu kila boksi huandikwa hezi 20 hadi 20,000, yaani upeo wa sikio changa lenye afya. Tarakimu hizo hazielezi kama sauti za katikati zimezama au besi imezidi. Upana wa spika, mathalani milimita 40, nao hauthibitishi ubora. Namba yenye manufaa ni ukinzani: ohmu 16 hadi 32 hufaa simu, ilhali hedifoni ya ohmu 300 kama Sennheiser HD 600 huhitaji amplifaya, la sivyo hunong'ona tu.

Dukani, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kipimo cha kuaminika ni sikio. Wimbo unaofahamika vizuri hufaa kuliko ule wa muuzaji. Katika taarabu, fidla na kanuni zisikike kila moja mahali pake, ngoma isimfunike mwimbaji, na herufi "s" zisichome. Sauti ya mwimbaji ikikaa katikati ya kichwa, pande zote mbili zinalingana. Besi ikikosekana, kosa huenda likawa la mkao: kofia ya iafoni isiyoziba hupoteza besi nyingi, na dawa yake ni kujaribu saizi nyingine. Jina kubwa kwenye boksi la bei ya kutupa mara nyingi ni bandia. Iafoni za kampuni kama KZ na Moondrop, zinazouzwa kwa takriban dola 20 za Marekani, zina sauti bora kuliko bandia nyingi.

Uimara nao ni sehemu ya bei. Waya hukatika aghalabu karibu na pini au pale unapoingia kwenye spika, kwa hiyo waya unaochomoka, au pini iliyokingwa kwa mpira, huongeza maisha. Sponji za masikio ziwe za kubadilishika, kwani ngozi ya bandia hubanduka kwa jasho. Toleo la zamani si kasoro: Koss Porta Pro ya mwaka 1984 bado inatengenezwa.

Hatimaye kuna kiwango cha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hupungua nusu, hata desibeli 90 zikaruhusu takriban saa 4 tu. Ndiyo maana hedifoni inayoziba vizuri ina thamani ya ziada: msikilizaji hahitaji kushindana na injini. Ila uzibaji huohuo huficha honi, na pembeni mwa barabara sikio moja huachwa wazi.