Pacha wa Malawi na Panya wa Missouri

Pacha wawili wanazaliwa siku moja, wananyonya titi moja, wanakula ugali wa chungu kimoja. Mmoja ananawiri, mwenzake anavimba miguu, nywele zinafifia rangi, unyafuzi unamkamata. Ingekuwa ni upungufu wa chakula peke yake, wangeugua wote wawili.

Kitendawili hicho kiliwafanya watafiti wafuatilie jozi 317 za pacha vijijini kusini mwa Malawi hadi walipofika miaka 3. Katika asilimia 43 ya jozi hizo, hali ya lishe ya pacha ilitofautiana. Tuhuma ikaangukia bakteria wa tumboni. Lakini kukuta bakteria wa mtoto mgonjwa wako tofauti hakutoshi: huenda ni ugonjwa uliowabadilisha.

Hapo ndipo panya alipohitajika. Katika maabara ya Jeffrey Gordon, Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Missouri, hufugwa panya wasio na bakteria hata mmoja, ndani ya mahema ya plastiki ambamo hewa, maji na chakula huuliwa vijidudu kwanza. Panya hao walipandikizwa bakteria kutoka kwenye vinyesi vya pacha, kisha wakalishwa chakula cha Malawi: unga wa mahindi, maharage, karanga, mboga. Waliopewa bakteria wa baadhi ya watoto wagonjwa walikonda vibaya kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na kwangu jambo zito ndani yake ni hili: madhara yalitokana na bakteria na chakula vikikutana. Lishe ya tiba ya karanga iliwapa panya hao nafuu, ila waliporudishiwa mlo wa awali, sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilififia.

Hata hivyo panya si mtoto. Hula vinyesi vyake, na bakteria wengi wa binadamu hawashiki makazi tumboni mwake. Mapitio ya mwaka 2020 katika jarida la Cell yalipima tafiti 38 za aina hii na kukuta asilimia 95 zikidai kwamba dalili za binadamu zilihamia kwa panya. Kiwango hicho ni kikubwa mno kuaminika, na wanaotangaza tiba kwa ushahidi wa panya pekee wanawakosea wagonjwa.

Ndiyo maana naithamini hatua iliyofuata. Kundi la Gordon na wenzao wa Bangladesh walitumia panya, kisha vitoto vya nguruwe, kuchuja vyakula vinavyostawisha bakteria wanaohitajika. Ukapatikana mchanganyiko wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Ukajaribiwa kwa watoto wenye utapiamlo wa wastani huko Mirpur, Dhaka, kwa miezi 3. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha waliongezeka uzito kwa kasi kuliko waliopewa chakula cha nyongeza cha kawaida, ingawa mchanganyiko huo mpya ulikuwa na nishati pungufu.